Hoteli Mbele ya Steji ya Mkwe

Wanawake wa kikundi chetu cha akiba waliniomba niwaambie wenye biashara ndogo namna ya kusema na wateja, na namna ya kutokimbia biashara inapokuwa ngumu. Niliwajibu kwamba somo sina. Shule niliiacha darasa la tatu, jembe likanichukua. Ninachoweza ni kusimulia mambo ya sufuria zangu pale Koboko, huku kwetu Uganda, na kila mtu achote linalomfaa.

Kitu kimoja Mungu alinipa bila shule: majina hayanitoki. Ukikutana nami mara moja kwenye soko la Adumi ukaniambia unaitwa nani na mama yako alizaliwa wapi, ukija tena baada ya miaka nitakuita kwa jina na kuuliza kama ule mguu wa mama umepona. Lakini hapa sitaandika jina la mtu hata mmoja. Jina ni mali ya mwenyewe, na wengi wa watu hawa bado wanakula kwangu.

Miaka mingi nilipika Arua, pembeni ya soko. Nilikuwa nauza kwa mdomo kwanza, sufuria inafuata. Mtu akipita haraka na mzigo wake, simwambii "karibu chakula," kwa sababu neno hilo kila mpishi analo na masikio ya watu yamelizoea kama kelele za mashine ya kusaga. Namwita kwa jina lake. Anageuka. Namuuliza habari za mtoto aliyekuwa na homa. Akianza kujibu, miguu imekwisha simama. Akimaliza kujibu, amekwisha kaa. Hayo si maneno matupu. Ni kwa sababu mtu aliyetoka kijijini asubuhi na mapema, mjini hakuna anayemjua, na kusikia jina lake katikati ya umati kunampumzisha kuliko kiti.

Baba wa watoto alipofariki na magoti yangu yakaanza kuuma, mwanangu wa kwanza, ambaye ana duka la mabati na misumari mjini Arua, akasema imetosha.

"Mama, njoo ukae Manibe. Nyumba iko. Chakula tutakuletea."

"Mniletee chakula mimi? Mimi ndiye ninayepelekea watu chakula."

"Umefanya kazi ya kutosha."

"Kuna mwanamke wa jirani yetu aliambiwa hivyo hivyo," nikamwambia. "Alikaa kwenye mkeka. Sasa hata kuku wanamparua na hawafukuzi."

Alicheka, lakini alikuwa anasema kweli, na mimi nilijua. Basi tukapatana. Nilikuwa nimeona kule Koboko, njia inayokwenda mpaka wa Sudan Kusini, kwamba madereva na vijana wa bodaboda wanakula wali na chipsi tu, chakula kinachokimbia tumboni kabla ya saa tisa. Hakuna aliyekuwa akiwapikia enyasa, ule ugali wetu wa muhogo na mtama unaokaa tumboni kama mgeni mzuri. Nikasema nitakwenda huko nijaribu mwanzo wa kiangazi. Kama mvua za kwanza zitakuta hoteli yangu haijasimama, yeye atakuja na pikapu, atapakia sufuria zangu, atanipakia na mimi, na nitakaa Manibe bila kubishana. Nilikubali kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya wadogo zake.

Nilipata banda zuri la mabati kando ya barabara. Kabla ya kulichukua niliuliza yote ambayo mpishi anauliza: maji yako wapi, moshi unakwenda upande gani, jua la mchana linaingia wapi. Mbele yangu, ng'ambo ya barabara, palikuwa na steji ya bodaboda yenye vijana wengi. Nikasema moyoni, hapa nimefika. Sikuuliza kitu kimoja tu: steji hiyo ni ya nani.

Siku ya kwanza nilipika majani ya kunde kwa odi, yaani ufuta na karanga zilizosagwa mpaka zikalainika kama siagi, na pembeni nikaweka samaki wa angara wa kukaushwa. Harufu ikavuka barabara. Nikaona kabisa pua za vijana zikiinuka. Mara kijana mmoja mrefu akashika usukani wa pikipiki yake, hakuiwasha, akaisukuma kwa miguu mpaka nyuma ya gereji na kupotea. Nikamtambua kwa mgongo. Alikuwa mume wa binti yangu, yule aliyeolewa kule Dranya. Nilijua anaendesha bodaboda Koboko. Sikujua kwamba ni hapo, na sikujua kwamba wenzake wamemchagua kuwa mwenyekiti wao.

Asiyejua desturi zetu nimweleze kidogo. Kwetu Walugbara, na kwa Wakakwa wa Koboko vilevile, mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Hampi mkono. Hali chakula mahali ambapo mama mkwe anamwona akitafuna. Na jina la mkwe wangu mimi silitaji, hata nikiota. Si chuki. Ni heshima kubwa kuliko zote, kwa sababu mwanamke huyo ndiye aliyekuzalia nyumba yako. Kwa hiyo nilipomwona anasukuma pikipiki, nikageuza uso kama inavyotakiwa, na nikafurahi. Nikasema, mtoto huyu amelelewa.

Siku hiyo steji nzima haikuja. Siku ya pili haikuja. Madereva wa malori wawili watatu walisimama, wakala, wakasifu, wakaenda zao Sudan Kusini; dereva wa safari leo yupo, kesho hayupo. Hoteli inasimama kwa watu wa kila siku, na watu wangu wa kila siku walikuwa wamekaa ng'ambo, wananitazama.

Nikatumia silaha yangu. Kukaa karibu nao kulinitosha kujua majina yote, kwa sababu wanaitana kwa kelele. Nikaanza kuwaita mmoja mmoja. Nilimwita yule mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, nikamuuliza habari za mapacha wake.

"Dede, wako mzuri!" akajibu. Dede ni bibi kwa lugha yetu, na nilipenda alivyoniita. "Wanalia tu!"

"Njoo ule, upate nguvu za kuwabembeleza!"

Akainamisha kichwa, akawasha pikipiki, akaondoka mbio bila abiria. Nikamwita mwingine. Na huyo akakumbuka safari. Ikawa kila nikimwita mtu kwa jina, anapata kazi ghafla. Jirani yangu, mwanamke Mkongomani anayekaanga mandazi na kuchemsha chai, akaniambia, "Mama, weye uko na dawa ya kutafutia vijana abiria!"

Nilicheka naye, lakini chakula kilibaki.

Basi nikafanya yale ambayo kila mwenye biashara hufanya anapoogopa. Nikaanza kuitesa sufuria. Nikasema labda chumvi, nikapunguza. Labda odi ni nzito, nikailainisha. Nikaleta nyama ya mbuzi. Nikahamisha jiko ili moshi usivuke barabara. Nikamwita mchora vibao, akaandika CHAKULA TAYARI kwa rangi nyekundu, na vijana wakasimama kukisoma kibao kwa sauti, wakasifu maandishi, wakaenda kula wali mbali. Mwanangu akawa anapiga simu kutoka Arua.

"Mama, mawingu umeyaona?"

"Mawingu gani? Huku ni jua tu."

"Huku upande wa Congo kunatia weusi."

"Basi nunua mwavuli," nikamwambia, nikakata simu. Nilijua anachotaka kusema. Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa anangoja tu ahadi yangu iive.

Wengi wanasema uvumilivu ni kukaa. Mimi nilikaa, na kukaa hakukunisaidia. Nilikuwa nasukuma mlango kwa nguvu zote, nao ni mlango wa kuvuta. Kilichonisaidia ni siku moja mchana, sufuria ikiwa bado nzito, nilipompelekea jirani yangu sahani. Akala yote. Akafuta sahani kwa kidole. Na mimi, badala ya kuuliza kama chakula ni kizuri, nikakumbuka kwamba swali hilo halina faida. Mtu ambaye mdomo umejaa atakujibu "kizuri," na mtu mwenye adabu atakujibu "kizuri" hata kama ametema. Uliza swali ambalo ndiyo na hapana haziwezi kulijibu. Nikamuuliza:

"Vijana hawa wanakunywa chai kwako kila asubuhi. Wakinitaja, wanasema nini?"

Alinitazama kuona kama nafanya mchezo. Kisha akacheka mpaka akashika meza.

"Mama! Hujue? Kweli hujue?"

"Sijui nini?"

"Chakula yako iko mzuri sana. Kila siku wananusa, wanalia. Chakula haina mubaya. Mubaya ni weye!"

"Mimi?"

"Weye! Weye ni mama mukwe ya mwenyekiti. Nani atatafuna mbele ya mama mukwe?"

Nikakaa chini kwenye gogo. Nilijua desturi hiyo kabla yeye hajazaliwa. Nilimsifu mkwe wangu kwa kuifuata. Lakini nilikuwa nimehesabu kutokuja kwake kuwa ni heshima, na kutokuja kwa wenzake wote kuwa ni mchuzi. Haikunijia kabisa kwamba steji ni kama ukoo. Kwamba mwenyekiti akiinamisha kichwa, wote wameinamisha.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Hii ni desturi yenu, si yangu! Mimi nilifikiri unajua, unajaribu tu kuwashinda kwa harufu."

Nikampigia simu binti yangu kule Dranya. Naye akasema, "Mama, si ulijua? Mimi nilifikiri unajua." Kila mtu alifikiri ninajua. Wewe unayefanya biashara, jambo hili ulishike kuliko mengine yote niliyosema: neno ambalo watu wote wanalijua, ndilo ambalo hakuna atakayekuja kukuambia. Lazima uende ukalitafute, na ulitafute kwa mtu wa nje kidogo, ambaye haoni aibu.

Sasa nifanye nini? Kwenda kusema na mkwe wangu siwezi. Simu? Nilijaribu. Akaona namba yangu, akampa mwenzake simu kama mtu aliyeshika kaa la moto, na mwenzake akasema "Halo, Dede, mutandao mbaya," na mimi namwona pale ng'ambo, mutandao uko mzuri kabisa. Kuhama banda? Mvua ilikuwa karibu kuliko banda jipya. Binti mmoja wa hoteli nyingine alinishauri niwaambie vijana kwamba mambo ya mkwe ni ya zamani, dunia imebadilika. Hilo nililikataa palepale. Huwezi kuuza chakula kwa mtu huku unaitukana adabu yake. Adabu hiyo ni yangu pia. Nisingependa kumwona mkwe wangu amesimama mbele yangu na mfupa mdomoni.

Nikamwomba jirani yangu Mkongomani awe mdomo wangu. Akachukua birika la chai, akavuka barabara. Nami nikakaa na mgongo wangu kwao, nikichambua maharagwe, masikio yamesimama. Barabara ile si pana.

"Mama anauliza," nikamsikia anaanza, "munamukimbia kwa nini?"

Yule mfupi wa mapacha akajibu wa kwanza. "Hatumkimbii! Tunamheshimu kwa mbali."

"Mukwe ni ya mutu moja. Weye umeoa binti yake gani?"

"Sisi ni steji moja, mama. Mkwe wa mwenyekiti ni mkwe wa steji."

"Basi mulipe mahari, bote!"

Wakapiga kelele za kucheka, wengine wakapiga honi. Mmoja akasema tangu niweke odi kwenye majani ya kunde yeye halali vizuri. Mwingine akasema, tukienda sisi kula, mwenyekiti atakula nini, vumbi? Kisha nikasikia sauti ikitoka nyuma ya gereji, ya chini, ya mtu anayesema na ukuta. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia sauti ya mkwe wangu ikisema zaidi ya salamu.

"Mwambie mama sikukataza mutu. Mimi nilisogea tu. Wao walinifuata. Na harufu ile inanitesa mimi kuliko wao, ni harufu ya nyumbani kwangu. Mke wangu amejifunza kwake."

Jirani akavuka kuniletea maneno ambayo nilikuwa nimeyasikia. Nikayasikiliza tena, kwa sababu mjumbe ukimkatiza hatakwenda safari ya pili. Nikamrudisha na swali. Nilimwambia aseme hivi: sitaki heshima ivunjike. Nauliza, heshima inataka nini, ili watu wale?

Nikasikia wakinong'onezana kule. Nadhani hakuna aliyewahi kuwauliza desturi inataka nini. Watu huwa wanauliza tu kwa nini bado ipo. Mwisho ile sauti ya nyuma ya gereji ikasema, "Macho. Heshima iko kwa macho. Yeye asinione, na mimi nisimwone."

"Basi hilo ni kazi ya matete," nikasema kwa sauti yangu mwenyewe, kwa maharagwe yangu, lakini barabara nzima ilisikia.

Nikanunua mafungu ya matete, nikamlipa mtu akasimamisha uzio katikati ya banda: mimi na moto upande mmoja, meza na mabenchi upande wa pili. Chini, usawa wa kiuno, tukaacha tundu la kupitisha sahani. Mtu anakuja, anainama, anasema anataka nini, anaingiza mkono, anapokea. Sioni uso, haoni uso.

Asubuhi ya kwanza sikumwita mtu. Nilipakua sahani moja, nikaiweka tunduni, nikangoja. Baada ya muda nikaona mkono mfupi mnene unaingia polepole kama unaiba mayai. Nikasema, "Baba mapacha, karibu." Mkono ukaruka!

"Dede, umenionaje?"

"Sijakuona. Nimeona mkono. Kula."

Akala. Akaita wengine. Nikajifunza mikono yao kama nilivyojifunza majina: ule wenye kovu la bomba la moshi, wenye grisi isiyotoka, mdogo wenye pete ya shaba. Nikawaita wote kwa majina kupitia tundu lile, nao wakapenda sana, wakawa wanabadilishana mikono kunijaribu. Na siku nyingine mazungumzo yalishuka ghafla, benchi la mwisho likalia, na yule wa mapacha akaja kuchukua sahani mbili badala ya moja. Sikuuliza ya pili ni ya nani. Niliweka angara mnene zaidi juu yake. Kumhudumia mtu si lazima useme naye. Wakati mwingine samaki anasema.

Nikadhani nimeshinda. Kumbe aliyesimamisha uzio alikuwa na haraka, na nguzo zake zilikaa juu juu. Mchana mmoja upepo ule unaotangulia mvua ukaja kutoka upande wa mpaka na vumbi jekundu, mabati yakapiga kelele, na uzio wangu wote ukalala chini taratibu, kama mtu mzima anayepiga magoti.

Tulikuwa hivi: mimi na mwiko mkononi, na mbele yangu, karibu kabisa, mume wa binti yangu, uso umenigeukia, shavu limejaa.

Jirani yangu alipiga yowe kana kwamba nyoka ameingia. Mimi nikavuta kitenge changu kutoka kiunoni, nikajifunika kichwa chote, nikabaki nimesimama gizani na mwiko wangu. Nikasikia benchi likianguka, miguu ikikimbia, honi ya lori, dereva akitukana. Jirani akanisimulia baadaye kwamba mkwe wangu alivuka barabara na sahani mkononi na hakumwaga hata tone la mchuzi. Lakini wakati ule hakuna aliyecheka. Nilipojifunua, mabenchi yalikuwa matupu, na ng'ambo pia hapakuwa na mtu. Steji yote ilikuwa imekimbia aibu ya mwenyekiti wao.

Jioni hiyo mwanangu akapiga simu. "Mama, Arua imenyesha."

"Nimesikia."

"Nitakuja kesho kutwa."

"Njoo," nikasema. Ahadi ni ahadi.

Nimewaona wengi wanaofunga biashara siku kama hiyo. Hawafungi kwa sababu ya hasara. Wanafunga kwa sababu ya aibu, kwa sababu hawataki kuwa wa kwanza kufungua mdomo. Wanasema nitangoja mambo yapoe. Mambo hayapoi, yanaganda, kama ugali. Nami nilitaka kungoja, siwadanganyi. Lakini kabla jua halijazama nikamwita jirani yangu, nikamwambia, nenda nyumbani kwa yule wa mapacha, mwambie ampelekee mwenyekiti maneno haya kabla hajalala: mama anasema kitenge chake ni kizito, na macho yake ni ya kizee, na hakuona mtu. Aliona upepo.

"Lakini mama, ulimuona!" akasema jirani. "Mulitazamana kama mbuzi mbili juu ya daraja!"

"Niliona upepo."

"Sawa. Upepo uko na ndevu, lakini sawa." Akaenda.

Usiku sikulala vizuri. Nilikuwa nimefanya yote ya mdomo. Yaliyobaki hayakuwa yangu. Alfajiri nikasikia vyuma vikipiga ardhi. Nikatoka chumbani kwangu na kitenge tayari mkononi. Vijana wa steji walikuwa bandani mwangu wanachimba mashimo ya nguzo. Mashimo marefu, mkono unaingia mpaka begani. Wakaniomba nisikaribie, nirudi ndani kidogo, na nikaelewa ni nani aliyekuwa nao. Nilipoitwa, uzio ulikuwa umesimama, umefungwa waya, na mtu angeweza kuegemea na gunia. Chini ya tundu palikuwa na ile sahani, imeoshwa. Binti yangu akaja kutoka Dranya na kuku jike mkubwa, akaniambia mume wake ametuma, kwa ajili ya ule upepo. Nikampokea kuku.

Mvua ya Koboko ikaja siku ya mwanangu. Ilianza kabla ya mchana, nzito, na mvua ikinyesha bodaboda hazina kazi, kwa hiyo steji nzima ikavuka barabara kwa mbio na kuingia chini ya mabati yangu, na pamoja nao abiria wao, na dereva wa lori, na mwalimu mmoja aliyekuwa amejikinga na kibao changu. Nilipika bila kuinua kichwa. Mikono ilikuwa inaingia tunduni miwili miwili. Nikiita jina, mtu anaitikia, anapokea, mwingine anasukuma.

Nikasikia jirani yangu, ambaye siku hizo alikuwa amejiweka msimamizi wa foleni bila kuombwa, anagombana na mtu.

"Weye, panga mustari!"

"Mimi nimekuja kumchukua mama yangu."

"Mama yako nani?"

"Mwenye hoteli. Mimi ni mtoto wake."

"Humu ndani bote ni batoto yake. Panga mustari!"

Watu wakacheka. Nikasikia sauti ya mkwe wangu, kutoka benchi la mwisho, inasema, "Shemeji, kaa hapa, nafasi iko." Kisha kelele za mabenchi, watu wakisogea, mvua ikipiga mabati mpaka sikuweza kusikia wanachoongea. Nikaendelea kupakua. Nilikuwa na hofu kidogo, nakiri, kwa sababu ahadi nilitoa mwenyewe, na mvua ilikuwa imefika, na mtu wa kuamua kama hoteli imesimama au haijasimama alikuwa upande wa pili wa matete, mahali nisipoweza kumwona uso.

Baada ya muda mkono ukaingia tunduni. Mkono wa mtu anayepima mabati kila siku, kidole gumba kimekatwakatwa. Niliuogesha mkono huo mimi.

"Unataka nini?" nikauliza.

Nadhani alikuwa anageuka kutazama nyuma yake, mabenchi, watu waliosimama na sahani kwa kukosa mahali pa kukaa.

"Enyasa," akasema. "Na majani. Na, mama."

"Ehe."

"Shemeji anasema muhogo unanunua hapa Koboko kwa shida. Kule Manibe uko shambani, unaoza. Mimi pikapu yangu leo itarudi tupu, ikija tena itakuja na muhogo."

Nikamwekea chakula, na samaki juu, nikasukuma sahani.

"Kwanza kula," nikamwambia. "Halafu utoke hapo tunduni, kuna watu nyuma yako."